Kipimo cha Dereva Mzee

Mtu apewapo leseni ya kuendesha motokaa huijua siku aliyoipokea. Alijifunza, akatahiniwa, akalipa ada, akaichukua kwa mkono wake mwenyewe. Lakini siku ya kuiacha haiandikwi katika cheti chochote. Huja polepole kama jioni iingiavyo: mtu hudhani mwanga ungaliko, mpaka ajikwae katika jiwe ambalo hakuliona. Insha hii yahusu siku hiyo ya kuacha. Swali lake ni hili: dereva aliyezeeka apimwe kwa kipimo gani, na nani ampime, ili barabara iwe salama na yeye mwenyewe asidhulumiwe? Nitalitafutia jibu katika historia ya barabara na historia ya sheria, nikisimama katika Mkoa wa Singida, maana huko njia ya wageni na njia ya wenyeji hukutana kila siku.

Nchi ya Singida ni njia tangu zamani. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, ikaingia katika pori la Mgunda Mkali, ambalo leo limo katika sehemu za Manyoni na Itigi. Pori hilo liliogopwa kwa ukame wake. Msafara uliongozwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi wote. Kirangozi hakuchaguliwa kwa ujana wake wala kwa uzee wake. Alichaguliwa kwa sababu alizijua njia na visima, na watu walikuwa tayari kumfuata. Siku aliyopoteza njia, sifa yake ilipotea pamoja nayo. Naomba msomaji amkumbuke kirangozi huyu, kwa sababu nitamrudia kabla ya kumaliza.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafara wa miguu ukafa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, motokaa na malori yakaanza kuonekana katika njia za udongo zilizotoka stesheni kwenda bara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, askari wengi wa Afrika ya Mashariki walifunzwa udereva katika vikosi vya uchukuzi vya jeshi, wakarudi makwao na ujuzi ambao baba zao hawakuwa nao. Wengine hawakufunzwa na jeshi wala shule. Walianza kuwa matingo wa malori: walipakia mizigo, walibadili magurudumu, walilala juu ya magunia, wakajifunza usukani kwa kumtazama dereva. Mtahini wao wa kwanza alikuwa dereva mkubwa. Yeye ndiye aliyejua kama kijana huyu anafaa kuachiwa gari katika mteremko au hafai bado.

Mteremko ulio mashuhuri katika mkoa huu ni ule wa Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, mahali palipojulikana tangu enzi ya Wajerumani kwa machimbo yake ya dhahabu. Barabara itokayo Singida kwenda Nzega hushuka hapo. Leo njia hiyo imetiwa lami, nayo ni sehemu ya njia kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam kupitia Dodoma kwenda Rwanda na Burundi. Malori yenye matela hupita usiku na mchana. Lakini barabara hiyohiyo ndiyo ya mkulima apelekaye alizeti kinuni, ya mwenye punda anayevuta mkokoteni wa maji, ya mchungaji avushaye ng'ombe wakati wa magharibi, na ya kijana wa bodaboda aliyebeba abiria wawili. Dereva wa mahali kama hapo ana kazi ya kuona mambo mengi kwa mara moja, na kuamua kabla ya kupumua mara mbili.

Sasa natazama sheria. Sheria zetu za barabara zilizaliwa katika mila ya Kiingereza, na historia ya mila hiyo yafundisha jambo. Uingereza ilianza kutoa leseni za madereva kwa sheria ya mwaka 1903, lakini leseni ile haikuthibitisha ujuzi wo wote. Mtu alilipa ada akaandikwa. Sheria ya mwaka 1930 ilimtaka mwombaji atangaze mwenyewe kwamba mwili wake unafaa. Mtihani wa lazima wa kuendesha ulianza mwaka 1935. Basi kwa zaidi ya miaka thelathini serikali iliyokuwa na motokaa nyingi haikumwuliza dereva kama anajua kuendesha. Hata ilipoanza kuuliza, iliuliza mlangoni tu, wakati wa kuingia. Jambo la kutoka liliachwa mikononi mwa mwenye leseni.

Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973. Sheria hiyo ilimkataza mtu asiyetimiza miaka 18 kuendesha motokaa. Iliweka mpaka wa chini, haikuweka mpaka wa juu. Mwaka 1975 kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na mafunzo ya madereva yakapata nyumba yake. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Mabadiliko hayo yalipunguza usumbufu wa foleni, na kwa kijana mwenye afya hayana madhara. Lakini miaka mitano ya mtu wa miaka 30 si sawa na miaka mitano ya mtu wa miaka 75. Katika muda huo jicho laweza kufunikwa na mtoto wa jicho, kisukari chaweza kuharibu neva za miguu, na kumbukumbu yaweza kuanza kupotea, ilhali kadi iliyomo mfukoni yaendelea kusema kwamba mwenye nayo ni dereva.

Hapo watu wengine husema kwamba dawa ni rahisi: tuweke umri wa mwisho. Wanasema mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mtu wa miaka 60 kuwa mzee. Kwa nini basi dereva asiwe na mwisho wake? Hoja hii ina sura nzuri, lakini ina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la hesabu yenyewe. Katika enzi ya kikoloni Waafrika wengi wa Tanganyika hawakulazimishwa kuandikisha vizazi. Mzee wa Singida aliyezaliwa kijijini kabla ya Uhuru aghalabu hana cheti cha siku ile. Umri wake ulikisiwa baadaye kwa mambo makubwa yaliyokumbukwa: njaa fulani, nzige, Uhuru wa mwaka 1961, au ukubwa wake wakati watu walipohamishiwa katika vijiji mwaka 1974. Makisio hayo yanatosha kwa kumpa mtu heshima ya uzee katika baraza. Kwa kumnyang'anya kazi hayatoshi. Watu wawili waliocheza pamoja utotoni waweza kuwa na miaka mitano kati yao katika vitambulisho, kwa sababu ya karani mmoja aliyekisia hivi na mwingine aliyekisia vile.

Kosa la pili ni kudhani kuwa watu huzeeka kwa mwendo mmoja. Uzee hauwafikii watu wote kwa saa moja, wala hauvifikii viungo vyote vya mtu mmoja kwa siku moja. Yuko wa miaka 80 ambaye shingo yake hugeuka na macho yake husoma. Yuko wa miaka 55 ambaye mboni zimekwisha kuwa na ukungu. Mpaka wa miaka utamtoa barabarani yule wa kwanza na kumwacha huyu wa pili, na huyu wa pili ndiye aliye hatari.

Kosa la tatu ni kusoma vibaya hesabu za ajali. Mahali penye hesabu nzuri imeonekana kwamba vijana wapya katika udereva ndio wenye ajali nyingi, kisha idadi hushuka, kisha hupanda tena katika uzee mkubwa ikiwa hesabu hufanywa kwa umbali uliosafiriwa. Lakini sehemu ya kupanda kule kwa vifo hutokana na udhaifu wa mwili: pigo ambalo kijana hutoka nalo na jeraha, mzee hufa nalo. Kufa upesi katika ajali si sawa na kusababisha ajali, na mwenye kuvichanganya viwili hivi humhukumu mzee kwa kosa la mifupa yake.

Ikiwa miaka si kipimo, kipimo ni nini? Wataalamu hupima mambo matatu: jicho, akili na mwili. Jicho hupimwa kwa ubao wa herufi uliobuniwa na Herman Snellen mjini Utrecht mwaka 1862, na ubao huo ungali ukutani katika hospitali zetu. Lakini ubao wa Snellen hupima kuona kitu kilichotulia, cheusi juu ya cheupe, katika chumba chenye mwanga. Barabara ya Sekenke usiku si chumba cha namna hiyo. Huko ng'ombe wa rangi ya udongo husimama juu ya udongo, na taa za lori lijalo humpiga dereva usoni. Mwenye mtoto wa jicho huweza kusoma ubao mchana vizuri kiasi, kisha akawa kama kipofu taa zile zimpigapo.

Kwa hiyo wachunguzi walianza kupima zaidi ya ukali wa jicho. Huko Marekani, Cynthia Owsley, Karlene Ball na wenzao walionyesha mwaka 1993 kwamba kinachoeleza vizuri ajali za madereva wazee ni upana wa yale ambayo mtu huyaona na kuyafahamu kwa mtupo mmoja wa jicho, huku akishughulika na jambo jingine. Hicho ni kipimo cha jicho na akili kwa pamoja. Ndicho hasa anachokihitaji mtu atazamaye lori mbele huku mtoto akitoka kichakani kando. Jambo la tatu, mwili, ni wepesi kufahamika: shingo igeuke, mguu uitambue breki na kuikanyaga kwa nguvu, na dawa anazokunywa mtu zisimtie usingizi.

Wachunguzi haohao wa Marekani walileta habari nyingine mwaka 2002, nayo ni ya furaha. Walifuata wazee wenye mtoto wa jicho, wakaona kwamba wale waliopasuliwa walipata nusu ya ajali walizopata wale ambao hawakupasuliwa. Jambo hili lageuza maana ya kipimo. Kumbe si wembe wa kukatia watu tu. Chaweza kuwa mlango wa matibabu, na mzee aliyeingia akiogopa kunyang'anywa leseni akatoka na jicho jipya.

Hata hivyo si kila kipimo huleta salama. Mwaka 1996 Liisa Hakamies-Blomqvist na wenzake walilinganisha nchi mbili jirani. Finland iliwataka madereva wa miaka 70 na zaidi wapimwe na daktari kila wanapofanya upya leseni, na Sweden haikuwataka. Mtu angetazamia kuona ajali chache zaidi katika Finland. Hazikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba katika Finland wazee wengi zaidi walikufa wakiwa nje ya gari, wakienda kwa miguu au kwa baiskeli. Denmark iliongeza kipimo cha akili kwa wazee mwaka 2006. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulileta habari ya namna hiyohiyo, na mwaka 2017 nchi hiyo ikaondoa sharti la kupima watu kwa sababu ya umri peke yake. Maana yake ni nyepesi. Mzee aliyeondolewa katika gari haondoki duniani. Bado ataka kwenda sokoni, kanisani, msikitini na hospitalini. Ukimnyima usukani bila ya kumpa njia nyingine, umemtoa ndani ya chuma na kumweka mbele yake.

Habari hii yagusa Singida kuliko Finland. Huko Ulaya mzee aliyeacha gari ana basi na njia ya miguu iliyojengwa. Mzee wa kijiji kilicho mbali na lami atapanda bodaboda nyuma ya kijana asiyempa kofia ya kinga, au atatembea ukingoni mwa barabara kuu. Pengine gari lake dogo ndilo lililokuwa likipeleka wajawazito zahanati usiku. Likisimama, kijiji kizima kimesimama pamoja nalo.

Lakini nisimwonee huruma mzee kiasi cha kusahau damu. Mwezi Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro mjini Tokyo, dereva wa miaka 87 aliwagonga watu, na mama mmoja na bintiye mdogo wakafa. Japani ilikuwa imekwisha kuweka kipimo cha akili tangu 2009 kwa madereva wa miaka 75 na zaidi, na ilikuwa imefungua mlango wa kurudisha leseni kwa hiari tangu 1998. Baada ya msiba ule watu walijitazama. Katika mwaka huo leseni zaidi ya 600,000 zilirudishwa kwa hiari. Uhai wa mtoto avukaye njia hauna budi kutangulia fahari ya mtu aliyeendesha miaka 50 bila ya kosa. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba mzee aachwe tu, maana ana uzoefu. Uzoefu hujua mahali palipo na shimo. Haumfanyi mtu aone shimo lililochimbwa jana.

Basi nani ampime? Mashahidi ni watatu, na kila mmoja ana upungufu wake. Daktari hujua jicho, lakini hakupanda gari pamoja na mzee. Askari wa barabarani huona gari, lakini aghalabu humwona dereva baada ya kosa. Watu wa nyumbani hujua yote: waliona mkwaruzo mpya ubavuni mwa gari, waliona baba alivyopita njia panda aliyoizoea. Lakini wao hawawezi kusema. Mtoto atamwambiaje baba yake kwamba haoni? Katika nchi zetu neno hilo ni zito mno. Mjukuu hulimeza, mke hulizungusha kwa mafumbo, na mwana mkubwa husingizia kwamba gari lina ubovu, akaficha ufunguo. Hivi nyumba nzima hujua hatari, na nyumba nzima hunyamaza, mpaka barabara iseme kwa niaba yao.

Hii ndiyo sababu ya nguvu kuliko zote ya kuwa na kipimo cha haki. Sheria yaweza kubeba aibu ambayo mtoto hawezi kuibeba. Kama kila mtu, tangu umri fulani, hutazamwa macho na kuendesha mbele ya mtahini kila anapofanya upya leseni yake, hakuna aliyemtukana mzee. Hakuitwa kwa sababu ya mkwaruzo. Ameitwa pamoja na rika lake, kama walivyoitwa siku zile za ujana wao. Hapo umri unafaa kuwa kengele ya kuita watu, wala si hukumu ya kuwatoa. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha insha hii.

Nao mtihani ufanywe katika njia ambayo mtu huyo huitumia kweli. Tumfikirie mzee wa Iramba ambaye huendesha mchana tu, kutoka shambani mpaka mnadani. Hakuna maana ya kumtahini kama dereva wa lori la kwenda Rusumo. Apewe leseni ya mchana, au ya wilaya yake, ikiwa uwezo wake ni wa kiasi hicho. Kwa upande mwingine, yule achukuaye abiria 60 katika basi la usiku, huyo atahiniwe kwa ukali zaidi na mara nyingi zaidi, hata kabla ya uzee, maana roho zilizo nyuma yake hazikumchagua. Atakayeonekana ana ugonjwa wa macho apelekwe kutibiwa kwanza, kisha arudi kutahiniwa. Na yule ambaye hapana budi aache, aache kwa heshima, na kijiji kimtafutie mtu wa kumpeleka hospitalini kabla ya kuchukua ufunguo wake.

Sasa namrudia kirangozi wa Mgunda Mkali. Watu wa msafara hawakumwuliza alizaliwa mwaka gani, na wengi wao wasingeweza kujibu swali hilo juu yao wenyewe. Walimpima kwa njia. Alipoijua, walimfuata hata kama alikuwa na mvi. Siku ambayo macho yake yalishindwa kuitambua alama ya kisima, alirudi nyuma, mwingine akatangulia. Wala hakufukuzwa katika msafara. Alikwenda pamoja nao, na walipokaa motoni usiku ni yeye aliyewaeleza vijana dalili za maji. Barabara ya lami imechukua mahali pa pori lile, nayo haijaondoa haja ya kipimo wala haja ya nafasi motoni. Mzee wa Singida aupishaye usukani astahili vyote viwili.